Meza Iliyoinama: Ernie Kovacs na Nusu Saa ya Kimya, Januari 19, 1957

Mtu anaketi mezani na chakula chake cha mchana. Anatoa zeituni moja, anaiweka mbele yake. Zeituni inabingirika hadi ukingoni na kupotea. Anatoa ya pili, nayo inamfuata mwenzake. Anachukua chupa ya maziwa, anailenga sawasawa juu ya kikombe, anamimina, na maziwa yanapita pembeni ya kikombe kana kwamba yana mahali pengine pa kwenda. Ukitazama meza, imenyooka. Sakafu imenyooka. Ukuta umesimama wima. Hakuna anayetamka neno.

Kichekesho hiki ndicho kilele cha kipindi cha nusu saa ambacho mchekeshaji Mmarekani Ernie Kovacs alikirusha kwenye kituo cha televisheni cha NBC usiku wa Jumamosi, Januari 19, 1957, bila mazungumzo. Kati ya kazi zake zote, hiki kinafaa kuchambuliwa peke yake, kwa sababu ndani yake unaona kwa nini mafundi na wachekeshaji wenzake walimheshimu kiasi kile, na pia kwa nini vituo vya televisheni havikujua la kumfanyia kwa muda mrefu zaidi ya msimu mmoja au miwili. Kovacs hakutengeneza vichekesho vya kuonyeshwa kwenye televisheni. Alitengeneza vichekesho ambavyo nje ya televisheni havipo. Ukikaa ndani ya studio na kuiangalia meza ile kwa macho yako, huoni cha kuchekesha: unaona meza iliyoinama, na zeituni inafanya kile ambacho zeituni yoyote ingefanya.

Nusu saa isiyo na mwenyewe

Nafasi yenyewe ilipatikana kwa bahati ya mtu mwingine. Jerry Lewis alikuwa ametengana na mwenzake Dean Martin mwaka 1956, na NBC ikampa dakika 90 za kuonyesha anachoweza akiwa peke yake. Lewis akakubali 60 tu. Zikabaki dakika 30 kwenye ratiba, baada ya kipindi ambacho nchi nzima ilikuwa inakisubiri, na hakuna msanii mkubwa aliyekuwa na hamu ya kusimama nyuma yake. Kumfuata mchekeshaji mwenye kelele na nguvu za Lewis ni kazi ya hasara. Ukijaribu kumshinda kwa kelele, utaonekana mwigaji. Ukija na maneno ya taratibu, watu watainuka kwenda kulala.

Kovacs aliikubali, akaijibu hatari hiyo kwa kwenda kinyume chake kabisa: hakuna mazungumzo. Baada ya saa nzima ya mtu mmoja akiimba, akipiga kelele na kuruka, ukimya wenyewe ulikuwa tukio. Mtazamaji aliyezoea kusikiliza televisheni huku akifanya mambo mengine hakuwa na njia ila kugeuza uso na kutazama.

Lazima pia kuelewa alivyokuwa amebanwa. Kipindi chake cha mchana NBC kilikuwa kimekwisha mwaka 1956. Alikuwa akiongoza Tonight, kipindi cha usiku cha NBC, Jumatatu na Jumanne, siku ambazo mwenye kipindi Steve Allen hakuwepo, na utaratibu huo nao ulikuwa unafungwa mwezi huohuo wa Januari. Kwa maneno mengine, alikuwa na nusu saa moja ya kitaifa na hakuwa na uhakika wa nyingine.

Alikotoa ujuzi

Kovacs alizaliwa Trenton, New Jersey, Januari 23, 1919, kwa wazazi wenye asili ya Hungaria. Alianzia redioni na kwenye safu ya gazeti huko huko Trenton, na akaingia televisheni mwaka 1950 katika kituo cha WPTZ, Philadelphia. Hapo alipewa vipindi ambavyo wengine wangeviona vya adhabu: kipindi cha mapishi, halafu Novemba mwaka huo kipindi cha alfajiri kilichoitwa Three to Get Ready. Wakati huo watu wengi wa televisheni waliamini kwamba hakuna atakayewasha seti kabla ya kwenda kazini. Wakawasha. Kufanikiwa kwa kipindi kile kunatajwa mara nyingi kati ya mambo yaliyoipa NBC moyo wa kuanzisha kipindi chake cha asubuhi, Today, Januari 1952, na kipindi cha Kovacs kikaondolewa mwaka huohuo kuipisha Today.

Lakini cha muhimu kwa kisa chetu ni namna alivyofanya kazi na mafundi. Kituo hakikuwa na fedha za mapambo wala waandishi, kwa hiyo kichekesho kilitafutwa kwenye vyombo vilivyokuwepo: kamera, swichi, taa, vioo. Mfano maarufu ni kopo la supu. Kovacs na mhandisi wa kituo walilikata kopo pande zote mbili, wakapanga vioo ndani kwa pembe, wakalifunga mbele ya lenzi. Picha ikageuka juu chini. Kifaa cha kiwandani cha kufanya kazi hiyo kilikuwa ghali. Kopo lilikuwa la bure. Tangu hapo Kovacs alijua jambo ambalo wachekeshaji waliotoka kwenye majukwaa ya ukumbini walichelewa kulijua: mtazamaji wa nyumbani hana njia ya kujua upande wa juu uko wapi. Anaiamini fremu, yaani mipaka ya picha kwenye kioo chake. Meza iliyoinama ni kopo la supu lililokua.

Jinsi mteremko unavyofichwa

Kanuni ni fupi. Seti yote inainamishwa: sakafu, meza, kiti, ukuta. Kamera nayo inainamishwa kwa pembe ileile. Kwa kuwa vyote viwili vimelala upande mmoja kwa kiasi kimoja, fremu inaonyesha chumba kilichonyooka. Kitu pekee ambacho hakikuinama ni mvuto wa dunia, na huo haupigwi picha. Unauona tu pale kitu kinapoachiwa.

Ugumu uko kwenye utekelezaji, na hapo ndipo wengi waliojaribu mchezo huu baadaye hukwama.

Kwanza ni pembe. Tuchukue nyuzi 15 kwa ajili ya hesabu. Meza ya urefu wa mita 1.5 ikiinama kiasi hicho, upande mmoja unakuwa juu ya mwingine kwa karibu sentimita 39. Tufe laini likiachiwa juu ya uso mgumu litamaliza mita hiyo moja na nusu kwa takriban sekunde 1.3. Muda huo unatosha kwa mtazamaji kukifuata kitu kwa macho, na hautoshi kwa mchezaji kukidaka. Punguza pembe hadi nyuzi 5 na safari ileile inachukua zaidi ya sekunde mbili. Zeituni inaonekana inateleza kwa uvivu, na mtazamaji anaanza kuwaza kwamba meza haiko sawa. Ongeza hadi nyuzi 25 na matatizo yanahamia kwa mchezaji: viatu vinateleza, kiti kinataka kuondoka, na mwili unaonyesha kujikaza.

Pili ni kimiminika, ambacho kina hesabu yake. Maziwa huanguka wima wa kweli, lakini wima wa kweli kwenye fremu ni mshazari. Kwa nyuzi 15, maziwa yakimiminwa kutoka sentimita 30 juu ya kikombe, yatatua karibu sentimita 8 pembeni ya pale yanapoonekana kulengwa. Kikombe cha kawaida kina mdomo wa sentimita 7 au 8, kwa hiyo yanakikosa chote. Mimina kutoka sentimita 10 tu, na yatasogea chini ya sentimita 3. Yataingia kikombeni, na kichekesho kimekufa mbele ya taifa zima, moja kwa moja, bila nafasi ya kurudia. Kwa hiyo mkono lazima uinuke. Na lazima uinuke kwa sababu inayoeleweka, kama mtu anayependa kumimina kwa madaha, isije ikaonekana kwamba umeinuliwa kwa ajili ya hila.

Kwa nini maziwa na si maji? Mwaka 1957 kipindi kilirushwa kwa rangi, lakini nyumba nyingi zilikuwa na seti za rangi nyeusi na nyeupe. Mkondo mwembamba wa maji kwenye skrini ndogo ya kijivu hauonekani. Maziwa yanaonekana kama uzi mweupe, na mshazari wake unasomeka mara moja hata kwa aliyekaa mbali. Kikombe kisichopenya mwanga kinafaa kuliko bilauri, kwa sababu chochote kitakachoingia kwenye bilauri kitalala sambamba na ardhi ya kweli na kuonyesha mteremko kama pimamaji ya fundi seremala.

Zeituni nayo ina sababu zake. Ni ndogo, ya mviringo, ni chakula, na haina lolote la kutia shaka. Mpira ungetarajiwa kubingirika, zeituni haitarajiwi. Inapaswa kukaushwa, kwa kuwa maji ya chumvi huifanya inate mezani, na meza isiwe na kitambaa. Ikiwa maziwa yatatangulia, meza italoa na zeituni zitasimama njiani. Mpangilio wa vyakula kwa hiyo hauamuliwi na ucheshi peke yake: kikavu kwanza, cha majimaji mwisho.

Vinavyotoboa siri

Pimamaji na timazi ni vifaa vya ujenzi, lakini chumba cha kawaida kimejaa timazi ambazo hatuzioni. Taa inayoning'inia. Pazia. Tai ya mchezaji. Nywele ndefu. Mkono wa koti uliolegea. Vyote hivi vinaning'inia kufuata dunia, siyo kufuata seti, na kimoja tu kikiachwa huru kinamwambia mtazamaji ukweli kabla ya zeituni ya kwanza kugusa meza. Kamba ya taa inabidi iwe na waya mgumu ndani. Tai inabanwa kwenye shati. Pazia linashonewa uzito na kupigiliwa pembeni, au linaondolewa kabisa.

Halafu kuna moshi. Kovacs alionekana mara chache bila biri mdomoni. Ilikuwa sehemu ya sura yake kiasi kwamba baadaye kampuni ya biri ndiyo iliyomdhamini. Katika seti hii, moshi wa biri ungepanda mshazari. Mhusika wake wa usiku ule, Eugene, ni mtu mpole asiye na makuu anayejikuta kwenye mazingira ya watu wazito, na kutokuwa na biri kunaiongezea nguvu sura hiyo mpya, lakini hata kwa ufundi peke yake biri isingeweza kuwaka mezani pale.

Vitu vinavyobaki mezani bila kusogea vina kazi kubwa kuliko vinavyosogea. Kitabu, sahani, chombo cha maua, chochote kilichogundishwa, ndicho kinachomshuhudia mtazamaji kwamba meza iko sawa. Ukiweka meza tupu, zeituni inapobingirika mtazamaji atailaumu meza. Ukiweka vitu vitatu vimetulia, ataishangaa zeituni. Tofauti hiyo ndiyo kichekesho chenyewe.

Mwili wa mchezaji ndio mgumu kuliko vyote. Ili aonekane ameketi wima, lazima mgongo wake uwe sawa na ukuta ulioinama, yaani kwa kweli anaegemea upande wa chini kwa nyuzi 15 muda wote. Silika ya binadamu ni kujinyoosha. Akijisahau na kukaa wima wa kweli, kwenye skrini ataonekana ameegemea upande wa juu kama mlevi. Kwa hiyo kiti kinapigiliwa, mguu wa upande wa chini unapata mahali pa kukanyaga pasipoonekana, na misuli ya upande wa juu inashikilia uzito. Na huku anashikilia, uso lazima uwe umetulia, mikono iwe laini, pumzi iwe ya mtu anayekula chakula cha mchana. Anayemtazama Kovacs katika kipande hiki hana budi kuangalia shingo yake: haimsaliti.

Kamera za rangi za NBC za siku zile zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Kuinamisha kitu kama hicho si kazi ya kuweka kabari chini ya gurudumu. Na hata ikiinama vizuri, mpiga picha ananyimwa karibu kila alichozoea. Kama kichwa cha kamera peke yake ndicho kilichoinamishwa na egemeo likabaki wima, kugeuza kamera kushoto au kulia kunavunja ulinganifu na chumba kinaanza kuyumba kwenye fremu. Ndiyo sababu vipande vya aina hii hupigwa kwa kamera iliyotulia, na utulivu huo ukawa sehemu ya mtindo wa Kovacs: kamera imekaa kimya inatazama, kama mtu aliyekataa kusaidia.

Sauti bila maneno

Kipindi kile hakikuwa kimya kwa maana ya kukosa sauti. Kilikosa mazungumzo. Muziki ulikuwepo, na milio ilikuwa imepangwa kwa uangalifu kuliko kawaida, kwa sababu hakukuwa na maneno ya kuifunika. Eugene anafungua kitabu kinachohusu mwanamke mgonjwa wa kifua, na kitabu kinakohoa. Anakifunga, kikohozi kinakatika.

Kichekesho hicho kinategemea sehemu ndogo sana ya sekunde. Sauti ikitangulia jalada, ni kosa la studio. Ikichelewa, mtazamaji amekwisha kutazama pengine. Mtu wa milio haangalii seti. Anaangalia skrini ya ndani ya studio, maana yeye anafanya kazi kwa ajili ya jicho la nyumbani. Na kwa kuwa matangazo yalikuwa ya moja kwa moja, kila kiatu kilichokwaruza sakafu, kila kiti kilicholia nje ya fremu, kingesikika. Kwenye kipindi cha maneno, kelele ndogo za studio humezwa. Kwenye kipindi cha kimya zinageuka wahusika.

Kuna jambo la mpangilio hapa linalostahili kukaziwa. Kitabu kinachokohoa na maziwa yanayokwepa kikombe ni kichekesho kimoja kwa njia mbili: ulimwengu unaovunja kanuni moja tu na kuziheshimu nyingine zote. Kovacs hakuwa akitupa maajabu ovyo. Alichagua kanuni moja, akaivunja, halafu akaifuata hiyo kanuni mpya kwa uaminifu mkubwa kuliko wa hakimu. Zeituni zote zinakwenda upande uleule. Hakuna hata moja inayorudi. Wanaomwiga huharibu hapo: wakishapata chumba cha ajabu wanataka kila kitu kiwe cha ajabu, na mtazamaji anakosa pa kusimama.

Kwa nini hakutaka watu studio

Wachekeshaji karibu wote wa wakati ule walitaka watazamaji ndani ya studio, kwa sababu kicheko kinawapa mdundo: sema, subiri, sema tena. Kovacs hakuwataka, na hakutaka vicheko vya kurekodiwa pia. Watu wengi wamelichukulia hili kama ukaidi wa msanii. Kwa kweli ni hesabu ya jiometri. Anayeketi studio yuko nje ya pembe ya kamera. Anaiona sakafu imeinama, anamwona mtu amejibana kwenye kiti kilichopigiliwa, anaona maziwa yakianguka wima kama kawaida ya maziwa. Atacheka nini? Na akicheka kwa kuona ufundi, kicheko chake kitafika nyumbani kwa wakati usiofaa na kumwambia mtazamaji kwamba kuna kitu asichokiona.

Gharama ya uamuzi huo ilikuwa halisi. Bila kicheko cha ukumbini, mtazamaji anayekaa peke yake haambiwi wapi pa kucheka. Wengine walifurahia uhuru huo hadi kufa. Wengine walidhani kipindi hakijaanza. Mdhamini naye, akikaa ofisini kutathmini alichokilipia, husikia ukimya, na ukimya haumpi mtu wa biashara raha. Kwa hiyo kile kilichomfanya Kovacs awe wa pekee ndicho kilichofanya takwimu zake za watazamaji ziwe dhaifu: hakuwa na mtu wa kumtafsiri kwa umma isipokuwa picha yenyewe.

Si kazi zake zote zilikuwa kavu namna hii. Percy Dovetonsils, mshairi wake mwenye miwani minene, aliishi kwa maneno na sauti. Nao Nairobi Trio, waliochipuka mwaka 1954, walikuwa watu watatu waliovaa sura za sokwe, makoti na kofia za duara: mmoja anaongoza, mmoja yuko kwenye piano, wa tatu ana vijiti, na muziki unapofika mahali fulani mwenye vijiti anamgeukia mwongozaji na kumgonga kichwani kwa mdundo. Jina la mji wa Nairobi lilibandikwa tu kwa ladha ya ugeni masikioni mwa Wamarekani wa miaka ile. Hakuna chochote cha Kenya ndani yake, na kulifungamanisha na sokwe si jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalipokea kwa furaha. Lakini kwa upande wa ufundi, hata hapa kanuni ni ileile: mtazamaji anajua pigo linakuja, anajua ni noti gani, na kinachobaki ni kuona kama mwongozaji atawahi kugeuka. Hawahi.

Kilichofuata

Asubuhi iliyofuata sifa zilikwenda kwa nusu saa ya Kovacs kuliko kwa saa ya Lewis. Hollywood ikamwita, na mwaka huohuo 1957 akaonekana katika Operation Mad Ball. Kisha Bell, Book and Candle mwaka 1958 na Our Man in Havana mwaka 1959. Ni filamu zenye heshima, lakini ukizitazama baada ya meza ile unaona hasara. Filamu zilimpa sare za kijeshi na kofia za kapteni mara baada ya mara, na kumtumia kwa sura, masharubu na sauti. Hazikumpa kamera. Mtu aliyejulikana kwa kuinamisha chumba aliwekwa kwenye vyumba vya watu wengine vilivyonyooka.

Alirudi televisheni kupitia kituo kingine, ABC. Take a Good Look, kuanzia 1959, kilikuwa kipindi cha kubahatisha majibu kilichodhaminiwa na biri za Dutch Masters, na vidokezo vyake vilikuwa vichekesho vifupi ambavyo mara nyingi havikumsaidia mshiriki kubahatisha lolote. Umuhimu wake ni kwamba ulimjengea uhusiano na mdhamini mmoja aliyemwachia nafasi. Hata matangazo ya biri aliyatengeneza mwenyewe, mengi bila maneno, juu ya muziki wa nyuzi. Mdhamini anayekubali tangazo lake liwe kimya si wa kawaida, na ndiye aliyewezesha vipindi maalumu vya nusu saa vya ABC vya mwaka 1961 na mwanzoni mwa 1962.

Katika vipindi hivyo tofauti kubwa na ile ya 1957 ilikuwa mkanda. Mashine za kurekodi picha zilikuwa zimeingia sokoni mwaka 1956: mkanda wa upana wa inchi 2, ukipita kwa inchi 15 kwa sekunde. Sasa zeituni ikikwama, inarudiwa. Lakini uhariri ulikuwa kazi ya mikono halisi. Picha haionekani kwenye mkanda kwa macho, kwa hiyo fundi alipaka kimiminika chenye unga laini wa chuma ili mistari ya sumaku ijitokeze, akatafuta mpaka wa fremu kwa kikuza, akakata kwa wembe na kuunga kwa utepe. Mkato ukikosea mstari, picha inaruka nyumbani. Kovacs alikuwa akiomba mikato mingi, mifupi, inayofuata muziki noti kwa noti, kama pale mabua ya mboga ya seleri yanapovunjwa kufuata muziki wa Tchaikovsky. Kila mvunjiko ni mkato au ni mkono uliofika kwa wakati wake. Saa za studio zilikwisha, gharama zikapanda, na yeye akaendelea.

Eugene alirudi Novemba 1961, sasa kwa mkanda, na toleo hilo likampatia Kovacs na mwongozaji mwenzake Joe Behar tuzo ya chama cha waongozaji wa Marekani. Mwaka 1962 vipindi vya ABC vilipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya kazi ya kamera za kielektroniki. Zingatia jina la tuzo. Wenzake hawakumpa ya mchekeshaji bora. Walimpa ya kamera, na kwa tafsiri yoyote ya haki ndipo kicheko chake kilipokuwa.

Hakuipokea mwenyewe. Alikufa Januari 13, 1962, alfajiri, gari lake aina ya Corvair lilipoacha njia kwenye barabara yenye maji Los Angeles na kugonga nguzo. Kipindi chake cha mwisho kilirushwa Januari 23, siku ambayo angetimiza miaka 43.

Mikanda

Aliacha deni kubwa la kodi, ambalo tayari lilikuwa likimeza sehemu nzito ya mapato yake alipokuwa hai. Sehemu ya kazi alizozikubali miaka ya mwisho haielewiki bila deni hilo. Mjane wake, mwimbaji na mwigizaji Edie Adams, alikataa kuchangiwa na marafiki, akafanya kazi, akalipa. Halafu akagundua jambo lililomtisha kuliko deni: vituo vilikuwa vinafuta mikanda ya Kovacs ili kuitumia upya. Mkanda ulikuwa ghali, na ulikuwa unafutika. Kwa mhasibu wa kituo, kipindi kilichokwisha kurushwa ni mkanda mtupu unaosubiri kazi. Adams akaanza kununua haki na nakala alizoweza kuzipata, na karibu kila tunachoweza kukitazama leo kimepitia mikononi mwake.

Mwaka 1996 alitoa ushahidi mbele ya jopo la Maktaba ya Bunge la Marekani kuhusu uhifadhi wa televisheni, akaeleza jinsi hazina ya kituo cha DuMont, ambako Kovacs alifanya kazi katikati ya miaka ya 1950, ilivyopakiwa na kutupwa kwenye maji ya ghuba ya New York.

Nusu saa ya Januari 19, 1957 ilirushwa kwa rangi. Kilichobaki ni filamu nyeusi na nyeupe iliyopigwa kutoka kwenye skrini wakati wa matangazo. Rangi za seti zimepotea na kingo za picha zimefifia. Ukiipata, simamisha picha pale maziwa yanapotoka kwenye chupa, weka rula juu ya uzi ule mweupe, upime pembe yake na ukingo wa fremu. Hiyo ndiyo pembe waliyoijenga mafundi wa NBC, na bado inapimika.